Samaki Aliyekuja Kwenye Taa

Nafundisha viumbe wa vilindi vya bahari katika mji usioijua bahari hata kwa harufu. Hapa Kisangani wanafunzi hunitania: Prof, wewe mwenyewe umewahi kuogelea huko? Bahari nimeiona mara moja tu, Moanda, nikiwa na homa. Lakini somo hilo nalipenda kupita kiasi, hasa kipindi cha nyangumi. Akifa, anazama mpaka kwenye giza, na mzoga wake unalisha kaa, minyoo na samaki kwa miaka. Nilikuwa nikilieleza jambo hilo kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi.

Mwaka jana, baada ya kipindi hicho, mwanafunzi mmoja wa kike alibaki kwenye benchi. Kaka yake alikuwa ndani ya boti la mbao lililotoka Isangi, limejazwa watu na magunia kama kawaida yetu, likapinduka mtoni likikaribia bandari. Maiti yake haikupatikana. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya nyangumi wangu, lakini yeye alikuwa na haja nyingine.

"Prof, mama anakatala kulia," alisema. "Anasema mutoto wake iko hai. Donc matanga haiwezi kuanza, watu wanakuja, wanarudia kwao. Muko na ile mashini ya wageni. Tafazali, mumuonyeshe chini ya mai."

Mashini yenyewe ilikuwa nyambizi ndogo isiyopandwa na mtu, ukubwa wa debe, yenye taa na kamera, inayoshushwa kwa waya. Ilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Watafiti wawili waliileta kuangalia samaki wa mashimo ya mto, nami nilikuwa mwenyeji wao. Walisita, kisha wakakubali. Siku ya kuishusha, mimi nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Siku boti lilipozama hakuna aliyeleta hata kamba, ila samaki wanaletewa taa.

Mama alikuja kwa miguu pamoja na binti yake, yule mwanafunzi. Kiti tulichompa alikikataa, akasimama mbele ya skrini. Tuliishusha nyambizi pale wavuvi walipotuonyesha. Mto wetu una rangi ya chai, na taa iliangaza tu chembe zikishuka, zikishuka, mpaka tukafika kwenye mchanga. Hakukuwa na mbao wala nguo. Kisha ngolo mmoja, kambale mkubwa, akaja kwenye mwanga, sharubu zake zikipapasa chini.

"Papa," mama akaniuliza, "ile samaki iko nakula nini kule chini?"

Binti yake akaniangalia. Ningeweza kusema wadudu, au majani, na nisingekuwa nimedanganya sana.

"Inakula kila kitu yenye inaanguka, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Akafungua kitambaa cha kichwani, akajifunga nacho kiunoni, akaketi kwenye matope na kumwita mwanawe kwa sauti iliyowavuta wanawake waliokuwa wakiuza mihogo kando ya bandari. Wakaja, wakaketi naye, wakalia naye. Matanga yalianzia hapo.

Watafiti waliniuliza nimemwambia nini. Nikaanza kuuvuta waya. Binti aliinua uso uliolowa machozi, akaniambia, "Merci, Prof," nami nilijiona kama ndimi niliyemuua kaka yake, pale pale, mbele ya mama yao.