Winchi Niliyoikataa

Tajiri wa mume wangu alimwambia achague kimoja. Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vimeisha, na mjini Singida kulikuwa na rundo la vyuma vya jeshi visivyo na mwenyewe. Mume wangu aliendesha lori la tajiri huyo. Alipeleka chumvi na nguo vijijini, akarudi na ngozi na karanga. Mito yetu ya upande wa Nduguti haina maji mwaka mzima, ina mchanga tu, na lori lilikuwa linazama humo kila mara. Tajiri akachoka kusubiri mzigo wake. Akasema: beba winchi, au endelea na kamba zako na ngozi zako. Vyote viwili hapana, vinakula nafasi.

Mume wangu akaileta ile winchi nyumbani niione. Waliishusha wawili, yeye na utingo wake, mtu mzima aliyekwisha kuwa na wajukuu, na bado walitweta. Lilikuwa dude la chuma lenye meno, na ngoma iliyoviringishiwa waya mnene kama kidole, na mkono wa kuzungushia. Pamoja nalo kulikuwa na kapi, gurudumu dogo la kupitishia waya ili nguvu iwe maradufu. Liliweka doa la grisi kwenye ua wangu nilioufagia asubuhi ile.

"Hii unaifunga mbele ya lori," mume wangu akaeleza. "Waya unaupeleka ng'ambo, unaufunga kwenye kitu kisichong'oka, halafu unazungusha. Lori linajivuta lenyewe."

"Na huko mtoni kitu kisichong'oka ni kipi?" nikamuuliza. "Mimi najua mchanga na mavi ya ng'ombe."

"Unazika gogo."

"Kumbe! Umezama, unatafuta gogo, unachimba shimo, unalizika, unazungusha hilo dude mpaka viganja viote malengelenge. Mzigo utafika mwaka gani?"

Utingo akacheka. Mume wangu hakucheka.

Niseme ukweli wangu. Mchanga nilikuwa naujua, na nilijua kwamba naujua. Tangu ninaanza kushika kibuyu nilichimba visima mtoni na mama yangu. Nilijua mahali unapokanyaga ukashika na mahali unapokanyaga ukameza mguu. Ile habari ya ngozi chini ya magurudumu niliileta mimi. Unachukua ngozi ya ng'ombe iliyokauka, ngumu kama mlango, unailaza manyoya chini ili yaushike mchanga, gurudumu linapanda juu yake. Nne zinatosha. Na kamba ya ngozi ya kusokota nyuzi tatu, iliyopakwa mafuta, ukiwafungia maksai inavutika kidogo halafu inarudi, inalinyanyua lori polepole bila kulishtua. Mnyororo unashtua, unang'oa chuma cha watu. Kiangazi kile lori lilikuwa limetoka mara mbili kwa ujanja wangu, na wanaume waliniita fundi wa mchanga. Neno hilo lilinikaa kichwani.

"Vitani nilimwona mwenzangu akiokolewa na winchi kama hii kwenye mchanga wenye maji," mume wangu akasema. "Ngozi kwenye maji ni kitu gani?"

"Kwani sisi tunapita mtoni kwenye maji? Maji yakija tunangoja yapite, kama walivyofanya wazee. Rudisha chuma cha watu."

Nilimshinda kwa maneno. Yeye hakuwa mtu wa maneno. Siku iliyofuata aliirudisha.

Kiangazi kikaisha bila shida, nami nikatamba.

Mdogo wangu, aliyenifuata ziwa, alikuja kwangu mimba ikiwa kubwa, ili ajifungue mama yetu akiwapo. Mume wake alikuwa anafanya kazi mgodini. Uchungu ukamshika jioni moja. Kesho yake kutwa nzima, hakuna. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkunga wa pale, amezalisha nusu ya kijiji. Usiku wa pili alipapasa tumbo, akanawa mikono, akatoka nje, akaniambia, "Mtoto amelala kwa mapana. Mimi sina tena cha kufanya. Apelekwe hospitali ya misheni."

Bahati lori lilikuwa limelala kwetu. Usiku uleule mvua ya kwanza ikanyesha, na zile ngozi nne zikaloa zikiwa nyuma ya lori, wazi. Kulipopambazuka zilikuwa zimekuwa laini. Nikafurahi, nikaona zitamfaa mgonjwa kulalia. Nikazitandika juu ya bodi, nikaweka blanketi, tukamlaza mdogo wangu juu yake. Mama akapakata kichwa chake. Tukaondoka jua linachomoza.

Tulipofika mtoni palikuwa na maji, lakini hayakuvuka kifundo cha mguu. Yalikuwa yanateleza juu ya mchanga mweupe, safi kabisa. Mume wangu akasimamisha lori, akashuka, akakanyaga.

"Tungoje?" akauliza.

Wazee wangengoja. Ni mimi mwenyewe niliyesema tunangoja kama wazee. Lakini mdogo wangu alikuwa anauma blanketi. "Vuka," nikamwambia. "Chini ni pagumu, napajua."

Chini hapakuwa pagumu. Mchanga uliolowa kwa mvua ya kwanza unakudanganya, juu umejibana, ndani ni uji. Tulifika katikati, magurudumu ya nyuma yakazama, yakazunguka, yakazama tena, mpaka ekseli ikakaa juu ya mchanga na lori likatulia kama limelala. Mume wangu akapunguza upepo kwenye matairi. Utingo akachimba kwa sepetu. Kila alipotoa sepetu moja, maji yalileta mbili.

"Ngozi," nikasema.

Ngozi zilikuwa chini ya mgonjwa. Ilibidi tumshushe. Tulimbeba kwenye blanketi mpaka ukingoni, tukamlaza mchangani, mama akamwekea kivuli kwa kanga yake. Nikazichomoa ngozi nikazilaza mbele ya magurudumu, manyoya chini, nikazikanyaga zikae. Mume wangu akatia gia. Gurudumu likagusa ngozi, ngozi ikateleza kama ulimi, ikatupwa nyuma ikanipiga tumboni. Ya pili ikamezwa chini kabisa. Hatukuiona tena.

Wachungaji waliokuja kunywesha walisimama wakatutazama. Mmoja, mzee mwenye fimbo ndefu, akasema, "Mama, hilo lori lako linakula ngozi kuliko fisi."

"Baba, shikamoo. Nisaidie maksai, utanicheka baadaye."

"Marahaba. Kuna nini cha haraka?"

Nikamwonyesha ukingoni. Akaacha kucheka palepale, akaita watu. Maksai wanane wakaletwa na nira zao. Tukaifunga kamba yangu ya ngozi, ile ya nyuzi tatu. Nayo ilikuwa imelala kwenye mvua. Waliposwagwa, kamba ikavutika. Ikavutika, ikavutika, ikawa nyembamba kama utumbo, na lori halikusogea hata kwa upana wa kiganja. Kamba kavu hurudi. Ile haikurudi.

Nikaenda ukingoni. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho.

"Dada, bado?"

"Bado kidogo."

"Waambie wanibebe tu. Kwa miguu."

"Lori litatoka sasa hivi. Kwenye lori utafika mapema zaidi."

Mama akanitazama. "Wambebe," akasema. "Wanaume wapo."

"Mama, mara moja tu tena."

Mara moja tena. Nilisema hivyo mara ngapi sijui. Nilifungua kamba nikaikunja mara mbili ili iwe nene. Nilikata matawi ya miiba kwa mikono yangu nikayajaza chini ya magurudumu. Nilimgombeza utingo, mtu wa umri wa baba yangu, kwamba anachimba kama mgeni. Mume wangu hakunipinga. Alifanya kila nililosema, na uso wake ulikuwa umefunga. Jua likapanda mpaka utosini. Safari ya mwisho maksai walivuta wote kwa pamoja, watu wakasukuma, lori likainuka kidogo, nikapiga kigelegele. Nilipiga kigelegele, mwenzenu. Kamba ikakatika. Maksai wa mbele wakaanguka kwa magoti, na lori likarudi shimoni mwake likazama zaidi ya mwanzo.

Yule mzee wa fimbo akaja mbele yangu. "Mwanangu," akasema taratibu, "sasa niachie mimi."

Hakungoja jibu. Vijana wake wakaleta miti miwili kutoka kwenye boma, wakafunga blanketi, wakampandisha mdogo wangu mabegani. Wanaume wanane, wanabadilishana wanne wanne, mwendo wa kukimbia-kimbia, mama nyuma yao bila viatu. Kama wangeanza asubuhi tulipokwama, wangekuwa wamekwisha kufika. Hesabu hiyo niliifanya njiani nikiwa nakimbia, na kila kona ya mlima niliifanya upya.

Mlimani mdogo wangu aliacha kulia. Nilishukuru, nikadhani uchungu umepoa.

Jua lilikuwa bado lipo tulipofika. Walimpokea mbio, hawakutuuliza hata jina. Baadaye muuguzi, mwanamke wa huku kwetu, alitoka akakaa kwenye benchi kati yangu na mama. Mtoto alikuwa amekufa tumboni kitambo. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Akauliza ulipasuka lini. Mama akasema, mlimani, alipoacha kulia. Muuguzi akatikisa kichwa. "Mngefika saa sita mchana," akasema, kisha akaona sura yangu, akainuka akarudi ndani. Kabla giza halijaingia mdogo wangu naye akafa. Mama alikuwa ameshika mguu wake. Mimi nilisimama mlangoni.

Tulizika kesho yake. Keshokutwa, matanga yakiwa bado, mume wangu aliondoka bila kuaga akaenda mjini kwa lori la mwenzake. Akarudi na ile winchi. Nilimfuata mtoni, sijui kwa nini, miguu ilinipeleka. Alichukua hori kubwa la kunyweshea ng'ombe, lile la gogo lililochongwa, akachimba shimo ukingoni, kina cha kifua chake, akalizika kwa kulilaza, waya umelizunguka kiunoni. Waya akaupitisha kwenye kapi. Akatandika gunia lenye mchanga juu ya waya, ili ukikatika uanguke chini usimpasue mtu. Watu wote akawaondoa mbali. Kisha yeye na utingo wakaanza kuzungusha, polepole, meno ya chuma yanalia moja moja.

Lori likatoka. Halikuruka, halikushtuka. Lilikuja kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Sufuria ya chai niliyokuwa nimeibandika pale ukingoni kwa ajili yao haikuwa imechemka.

Mume wangu aliuviringisha waya. Aliikunja ile kamba yangu iliyokatika, vipande viwili, akavitupa mtoni. Tangu siku ile akipewa lori lolote kwanza aliuliza winchi iko wapi, waya una urefu gani, umepata kutu au la, kapi lipo? Mimi sikumshauri tena habari za safari.

Siku ya tatu shemeji yangu akafika kutoka mgodini. Habari ilimfikia kwa miguu, naye alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yangu, na watu wakaanza kumwambia yale yanayosemwa. Mungu amependa. Mto ulijaa. Siku yake ilikuwa imefika.

"Mto ulijaa?" akauliza.

"Ulijaa, mwanangu," mama akasema. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema uongo, alisema vile kwa ajili yangu.

Nikasema, "Haukujaa. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu."

Mama akanifinya paja. Nikaendelea. Nikamweleza winchi ilivyoletwa uani nikaikataa. Nikamweleza ngozi zilizoloa, na kwamba mimi ndiye niliyesema vuka. Nikamweleza kwamba mke wake aliomba abebwe kwa miguu, nikamkatalia, jua likiwa bado la asubuhi. Nilisema yote kwa sauti, mbele ya watu, wala sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumwomba anihurumie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa unataka nikufanyie nini?"

"Unichukie," nikamwambia. "Usiuchukie mto."

"Hilo naliweza," akasema.

Akainuka, akapangusa vumbi usoni, akaenda kukaa na wanaume. Na aliliweza. Alioa tena hapo kijijini, akajenga nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kwa miaka yote aliyoishi alipita mbele ya ua wangu akamsalimu mume wangu, akawasalimu watoto wangu, akanyamaza kwangu. Nilikuwa nasimama wima mpaka apite.