Nilivyokarabati kiti cha mwimbaji wa Kijapani hapa Joburg, nikakaribia kuiua albamu yake

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi si mwandishi. Shule niliishia darasa la tatu kule Songea, kwa hiyo atakayeona herufi imekaa vibaya aipite tu. Ila ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, na sehemu kubwa nimekifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo maana hakinipi raha.

Niko Kensington, Johannesburg. Ni fundi seremala. Nchi hii niliingia na randa, msumeno na suruali mbili. Leo karakana ni yangu na jengo ni langu. Sijawahi kuajiriwa na mtu. Nalisema mapema mjue anayeongea si fundi wa kubabaisha.

Nyumba ya jirani ni ya zamani, sakafu ya mbao, paa la bati. Ndani kuna studio ya muziki. Anayeiendesha ni Mkongo wa Bukavu, Espoir, baba wa watoto wawili, mstaarabu sana.

Mwishoni mwa mwaka jana akaja pale dada mmoja wa Kijapani, Natsuko. Umri thelathini na kitu. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, anapiga piano mwenyewe. Alikuja kurekodi albamu ya nyimbo tisa. Yeye, piano na Espoir, basi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa.

Kampuni yake ilikuwa imeshamwambia akirudi bila albamu, mkataba umeisha.

Nilimuuliza Espoir mbona harekodi kwao. Akasema kwao kila mtu ana la kumshauri.

Mimi niliitwa kutengeneza fremu za mbao za kuegesha ukutani, ndani tunajaza mablanketi, ili sauti isirudi rudi chumbani. Kazi safi, nilipima kwa macho na hazikupishana hata unene wa kucha.

Walikuwa wanarekodi asubuhi tu. Msimu ule mvua ya hapa inapiga alasiri karibu kila siku, na bati lile likianza, hata ukipiga kelele husikiki.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa moja wametoka kwenda kula. Nimebaki na fremu ya mwisho. Nikachoka, nikakaa kwenye kiti cha piano.

Kiti kikalia. Kwii. Nikiegemea mbele, kwii. Nikirudi nyuma, kwaa.

Wakuu, niliona aibu. Fundi wa miaka yote hii nipo ndani ya nyumba, halafu mgeni ametoka Japani anakalia kiti kinacholia? Atakwenda kusema nini kwao?

Sikumuuliza mtu. Nikakibeba kwenda karakana. Nikafungua maungio yote, nikasafisha gundi ya zamani, nikatia mpya, nikaweka kabari kwenye kila mguu, nikakibana kwa jiliwa mpaka Jumatatu, maana wikendi walikuwa hawarekodi. Bure kabisa. Zawadi.

Jumatatu nikakirudisha, nikasimama pale nasubiri sifa.

Natsuko akakaa. Akanesa mbele, akanesa nyuma. Akasimama. Akakaa tena. Akainama akaangalia chini ya kiti kama mtu aliyedondosha pete.

Akaanza kupiga piano, akaacha. Akaanza, akaacha. Mara ya tatu akatoa mikono, akaiweka mapajani.

"Iko wapi?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nini?"

"Sauti yake."

Nikamwambia kwa kujisifu kabisa, nimeitoa, haitarudi tena.

Espoir akashika kichwa. "Mzee, eish. Njo weye ulifanya hivi?"

"Nimetengeneza."

"Mzee, ile kiti ilikuwa inapigaka ngoma."

Akanivalisha headphone, akaniwekea wimbo mmoja kati ya tano walizokuwa wamemaliza. Sauti ya yule dada, piano, na chini yake kidogo kidogo, kwii, kwaa, kwii, kwaa. Kiti kilikuwa kwenye wimbo. Yeye anapopiga hunesa, na kiti kinamjibu, ndiyo mwendo wake wa kuimba. Nyimbo nne zilizobaki alikuwa bado anazitunga juu ya kiti hichohicho.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja apande ndege.

Nilitoka pale miguu haijui iende wapi. Nikazunguka mtaa mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kubwa, nikarudi, nikaenda tena. Muuza matunda akaniuliza, "Baba, umepoteza mtoto?"

Siku mbili nilihangaika na kile kiti. Mnajua kazi ya kuharibu ulichotengeneza vizuri ni ngumu kuliko kutengeneza? Nikatoa kabari. Nikakwangua gundi. Nikalegeza mguu mmoja, nikalegeza miwili. Kikilia napeleka, Natsuko anakaa, anafunga macho, ananesa, anatikisa kichwa. Kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Mara kinalia kama bata, mara kama mlango wa choo. Gundi ilishaingia kwenye nyuzi za mbao, na mbao haikuwa ileile tena.

Jumatano nikakiweka chini mbele yake. Nikavua kofia.

Naomba mnielewe. Wateja wangu wote wanajua mimi siombi msamaha. Kazi yangu haikosei, wewe ndiye uliyepima sebule yako vibaya. Lakini nilimwambia yule binti, ambaye angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, "Nimekosea. Siwezi kukirudisha."

Espoir akapendekeza zile tano zibaki, nne zilizobaki zirekodiwe hivyohivyo kimya.

Natsuko akakataa. "Albamu moja," akasema, akinyoosha kidole kimoja. "Si nusu na nusu."

Halafu akanigeukia. Akasema sasa kwa kuwa kiti hakilii, kila kitu kingine kitasikika. Je, ningeweza kuzima mashine zangu za karakana?

Nyimbo tisa, kuanzia mwanzo, asubuhi nane.

Nikafunga karakana. Mama mmoja Mkenya, mtu wa benki kule Sandton, alikuwa anasubiri meza ya sherehe ya binti yake. Akanipigia. "Fundi, hata wewe umeanza mambo ya mafundi?" Nikamwambia meza hakuna, atafute pengine. Akaniambia maneno ambayo Mkristo hatakiwi kusema. Nikayapokea.

Asubuhi nane nilikaa getini kwa Espoir nalinda ukimya. Mimi huyu, ambaye hata kanisani natoka nje mara tatu. Mikono inawasha. Mguu unagonga wenyewe, naushika kwa mkono usigonge.

Waokota machupa wakishuka na trolley zao za kusukuma, nawapungia wazibebe juu juu. Walicheka lakini walibeba. Wale ndege wakubwa wa hapa, hadeda, wakitua kwenye nyasi nawafukuza kwa kofia, maana wakifungua mdomo mtaa mzima unaamka. Jirani mmoja akaniita chizi kwa Kizulu, akidhani sielewi.

Ndani namsikia anaanza, anaacha, anaanza, anaacha. Siku ya tatu hakuacha. Aliuimba wimbo ule mpaka mwisho, polepole kuliko nilivyousikia kwenye headphone. Pale kiti kilipokuwa kikimjibu, alikuwa amepaacha wazi.

Wimbo wa tisa uliisha asubuhi ya nane, mawingu yameshajikusanya, nikaingia ndani. Natsuko akamwambia Espoir afute zile tano za zamani. Nikamwambia asubiri, zihifadhiwe. Akasema zikibaki atazirudia kuzisikiliza. Akabonyeza mwenyewe.

Alipoondoka aliinama kuniaga, nami nikainama, mgongo huu huu.

Albamu imetoka. Mkataba wake upo. Espoir anasema watu wa kwao wanaisifia ukimya wake, kumbe ukimya wenyewe ni gundi yangu. Nimeisikiliza mara nyingi. Ni nzuri, siwezi kudanganya.

Lakini ile moja niliyoisikia kwenye headphone haiondoki masikioni. Nilimuuliza Espoir, niambie ukweli, zipi zilikuwa bora, zile au hizi?

Akajifanya anakunja waya. "Mzee, mambo ingine usiulizake."

Sofa nikikosea nabomoa, nakuonyesha palipokosewa, naanza upya. Hapa hakuna cha kubomoa.

Nilichojifunza ni hiki: kitu cha mtu kikilia, muulize kwanza kama kinamsumbua. Ujuzi wako haukupi ruhusa ya kugusa. Nimelichelewa somo hili miaka sitini na kitu.

Wenye masikio ya muziki humu, semeni. Mtu akilazimika kurekodi albamu nzima upya, anapata nyingine iliyo sawa na ile, au anapata tu aliyoweza kuipata?

Msinibembeleze. Mimi ni mtu mzima.