Anyait Hakugusa Mrija

Anyait alikuwa fundi wa nguo pale Malaba mpakani, na asije mtu akakudanganya kwamba alikuwa mvivu. Mwaka wa sabini na sita, kahawa ya magendo ilipowajaza watu pesa na kila mwenye pesa akataka suruali pana chini, yeye ndiye aliyezishona, barazani kwa duka moja karibu na reli. Miguu yake haikupumzika kwenye cherehani, na mdomo pia haukupumzika. Alijua kumkaripia mteja aliyechelewa mpaka mteja mwenyewe akaomba radhi.

Kisha, miezi minne baada ya kujifungua mtoto wa pili, yote yakamtoka. Hakulia. Alikaa na kitambaa mkononi, akashindwa kukumbuka kwa nini watu huvaa nguo. Alimtazama mtoto wake na hakuhisi kitu, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Malaba ukiumwa, kila mtu ni daktari. Mmoja alisema ni jicho la jirani, mwingine akasema ni imani haba. Mama mkwe wake, Amoit, ambaye boma zima lilimwogopa, alisema mwanamke huyu amechoka kazi tu. Mumewe Omagor, utingo wa lori la Mombasa, ndiye aliyempeleka hospitali mwishowe. Tumsifu kwa hilo moja, maana mengine yote aliyanyamazia.

Tabibu aliyempokea aliitwa Nathaniel, mtu wa kusema polepole.

"Mama, huu si uvivu na si pepo," alimwambia. "Mwili unatengeneza dawa yake wenyewe. Hiyo ndiyo inabeba habari ndani ya ubongo, kutoka hapa mpaka pale. Tunafikiri yako imepungua. Hizi tembe zinafanya ile kidogo iko isipotee haraka."

"Mnafikiri?"

"Tunafikiri. Hatujui yote. Lakini watu wanapona, hiyo tumeona."

Akampa tembe za kumeza moja kila jioni, na sharti moja kali: asiguse pombe hata tone, maana zikikutana tumboni anaweza kulala asiamke.

Anyait alizimeza siku tatu, akaacha. Nani Malaba hajui kwamba dawa ni siku tatu? Ya malaria ni siku tatu, ukibakiza unaweka kwenye mkebe kwa ajili ya homa ijayo. Siku ya nne alirudi hospitali amekasirika kidogo, kadiri nguvu zake zilivyomruhusu.

"Dawa yako haina kazi. Imenikausha mdomo tu."

Nathaniel hakumcheka. "Mama, hii si malaria. Ni wiki tatu, pengine nne, ndiyo utaanza kusikia mabadiliko. Na hata ukijisikia mzima usiache mpaka mimi niseme."

Alimtukana kimoyomoyo, akaenda akameza.

Wiki ya nne Amoit akaita wanawake wa boma kwenye chungu cha pombe ya wimbi. Hapo wanawake huketi wakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kila mmoja lazima avute. Anayekataa amewaambia wenzake waziwazi kwamba anawaogopa, wamemtilia sumu. Mke wa namna hiyo hurudishwa kwao, watoto wakabaki. Anyait alilijua hilo vizuri, na Amoit alijua kwamba analijua.

"Chukua mrija," Amoit alisema.

"Siwezi, mama. Niko kwa dawa."

"Dawa ya wazimu. Ama sisi ni wachawi?"

"Ningewaona wachawi ningekuja kukaa katikati yenu?"

"Basi chagua. Utupe hizo tembe ama urudi kwenu, na watoto wa Omagor wabaki hapa."

Anyait aliutazama mrija. Kisha kitu cha moto kikampanda kifuani, naye akakishangaa. Ilikuwa hasira, hasira yake mwenyewe, nzima nzima! Miezi mitano hakuwa na hamu hata ya kumkasirikia nzi, na sasa alitaka kupigania watoto wake. Aliwapenda. Aliweza kulisikia pendo hilo, na nusura acheke mbele ya wote.

"Sitatupa na sitaenda," alisema. "Mama, goti lako likiuma nani anakwambia una tabia mbaya? Kichwa changu ni nyama kama goti lako. Kinaumwa, nakipa dawa. Nitakaa hapa mpaka chungu kikauke, na sinywi."

Jua lilikuwa linashuka. Akatoa tembe, akaimeza kwa maji mbele ya macho yote. Alikaa mpaka mwisho.

Siku mbili baadaye Amoit alifika barazani na gauni lisilo na tundu wala mshono ulioachia. Akaketi. Anyait akaendelea kushona, maneno makali ameshayapanga.

"Tangu nizike mume wangu Omoding ni miaka kumi na moja," yule mama alisema. "Naamka, nalima, nagombana na nyinyi wote. Lakini ndani hakuna mtu." Alilikunja lile gauni, akalikunjua. "Huyo daktari wako, anaangalia wazee pia?"

Anyait aliyaacha yale maneno makali. Akasimamisha cherehani.

"Anaangalia. Lakini tembe zangu sikupi hata moja, usizitazame. Inuka twende."

"Leo? Watu wakiuliza?"

"Wataambiwa."

Wa kwanza kuuliza alikuwa muuza ndizi wa njia panda, mwanamke aliyekuwa kwenye chungu siku ile. Anyait alifungua mdomo, lakini Amoit akamtangulia.

"Naenda hospitali," alisema, kwa sauti iliyowageuza hata watu wa forodhani. "Kichwa changu kinaumwa, na nimechoka kukificha."