Maji Yasisimame

Mwezi uliopita fundi alimaliza kupiga plasta mpya kwenye bwawa la kuogelea la jirani yangu, mwalimu mstaafu hapa Kakamega. Akafungua mpira wa maji, akainua kidole.

"Maji yasisimame mpaka lijae. Yakisimama, plasta inabakinga na mstari, na hautoki."

Yalipofika magotini, mfereji uliolisha mpira ukakauka. Mwalimu akashika kichwa. Mimi nikatoa simu, nikaanza kutafuta lori la maji.

Mama muuza mboga, ambaye kila siku humcheka mwalimu kwa kuchimba mto nyuma ya nyumba, akachungulia juu ya ua. Safari hii hakucheka. Alitoka mbio, na punde akarudi kutoka chemchemi na wanawake sita, kila mmoja na mtungi kichwani. Wakamimina polepole juu ya gunia, plasta isichubuke, wakaenda na kurudi hadi mfereji ulipokohoa na kutoa maji tena. Bado nilikuwa kwenye simu.

"Nitawashukuru aje?" mwalimu akauliza.

"Siku yenye hii bwawa itakuwa tayari, nitaingiza tu miguu," mama akajibu.

Jana nilimkuta mama ukingoni mwa bwawa, miguu majini. Mwalimu alikuwa amesimama kando na taulo, akingoja amalize.