K ya Kosa

Kwa miaka kumi na miwili niliamini kwamba herufi K katika besiboli ni kifupi cha neno letu, kosa. Cheka, lakini usicheke sana. Mpigaji anasimama na rungu lake, anarushiwa mpira, anapiga hewa. Wa pili, hewa. Wa tatu, hewa. Anatolewa, na watazamaji wanatundika kibao chenye K kubwa nyekundu. Sasa mtu aliyesoma sekondari Unguja, ambaye mwalimu wake wa hesabu alimjazia K za wino mwekundu daftari zima, angedhani nini? Nilidhani Wamarekani wameazima neno kwetu. Hata nikajivunia.

Mapenzi yangu na mchezo huu yalianza kwa uvivu. Nilikuwa nikipanga trei za chakula cha abiria wa ndege katika ghala moja huko Hayes, kwa Waingereza, na ikifika Jumapili sitaki kutoka hata kwenda kununua chumvi. Wenzangu walikuwa na mpira wa miguu. Wahindi wa Nairobi na Kampala tuliokuwa nao zamu moja walikuwa na kriketi yao. Mimi nikaangukia chaneli iliyoonyesha wanaume wenye vitambi wamesimama uwanjani, wanatema mate, wanajikuna mapaja, wanangoja. Nikasema: hawa ndio watu wangu. Mchezo hauna saa. Tena bao lake unalipata kwa kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale pale ulipoanzia, ambapo wenyewe wanapaita nyumbani. Mchezo gani mwingine unamlipa mtu kwa kurudi nyumbani? Mimi nilikuwa bingwa hata kabla ya kutoka.

Mke wangu aliuita mchezo wa kufukuza nzi. "Umekaa tangu adhuhuri, bwana wee, na huyo mtu bado anapangusa rungu." Nilimfundisha kanuni, apende asipende. Iliyomkaa kichwani ni moja tu: ukikosa mara tatu, unatoka.

Nilikuwa na daftari. Kila Jumapili niliuandika mchezo mzima, mpigaji mmoja mmoja. Kisha, kwa utani, nikaanza kumwandika na yeye pembeni. Wali umeshika chini: K. Kaniita dirishani nikatazame theluji, na mrushaji yuko tayari: K. Kanunua maziwa yaliyotolewa mafuta: K. Siku ya kwanza alipoziona, akifuta vumbi, alidhani ni K ya kheri. Sikumsahihisha. Nilijiona mcheshi kweli.

Idi moja tulikuwa na wageni sebuleni. Binti yetu alikuja kutoka kwake Thornton Heath, na jirani yetu wa mlango wa pili alikuwapo pia, mama wa Kikenya, muuguzi, Mkristo ambaye biriani yetu ya Idi haijampita hata mwaka mmoja. Watu wamekula, wamelegea. Mimi nikaenda kulichukua daftari.

"Hebu sikilizeni kesi za huyu bibi," nikasema.

Nikasoma. Wali, K. Maziwa, K. Kakalia rimoti, K. Watu wakashika mbavu. Binti yangu akajifunika uso kwa mtandio. Hata mke wangu akacheka.

"We mtu una roho! Na ile siku niliyokutilia sukari kwenye mchuzi?"

"Ipo. Hiyo nimeipigia mstari."

Nikafunua ukurasa mwingine, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Kapita mbele ya televisheni, zamu ya tisa, ya mwisho, simu mkononi, analia. K."

Nilicheka peke yangu.

"Tarehe ngapi hiyo?" mke wangu akauliza.

Nikaisoma. Nilipoufikia mwezi nikaijua. Ndiyo siku aliyopigiwa simu kutoka Unguja kuambiwa mama yake amefariki. Alikuja sebuleni kuniambia. Uso wake siukumbuki. Naukumbuka mkono wangu: niliuinua juu, kumwambia ngoja. Mrushaji alikuwa ameshainua mguu.

"Umeniandika ngapi zote?"

"Mzaha tu, mke wangu."

"Nimekuuliza ngapi."

"Sikuzihesabu. Nyingi."

"Na ukikosa mara tatu unatoka. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Nikalifunga daftari.

"Basi mimi nimechelewa kutoka," akasema, akaanza kukusanya sahani.

Asubuhi aliondoka na binti yetu. Nilimpa siku tatu awe amerudi. Niliendelea kununua mkate mkubwa, nikautupa nusu, nikanunua mwingine. Jumapili niliwasha televisheni. Mtu akakimbia, akazunguka, akafika nyumbani, wenzake wakamrukia kwa furaha. Nikaizima.

Wiki ya tatu nikampigia binti yangu. Kiswahili anakielewa chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. Alisema mama yake hataki simu. Nikajitetea, nikazitaja zile K. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua ya hospitali, kwamba K wala si kosa. Imetoka mwishoni mwa neno moja la Kiingereza la kupiga, struck. Aliyeandikiwa K hana hatia. Amezidiwa tu na mrushaji. Kosa lina herufi yake nyingine, E, na huandikiwa yule anayeletewa mpira mpaka mikononi, kazi nyepesi, akauangusha.

"Mpaka mikononi?" nikamuuliza.

Akaniambia ndiyo, mpaka mikononi.

Jumamosi jirani yetu akabisha hodi na begi kubwa begani. Zamu yake ya hospitali ilikuwa upande wa Croydon, karibu na kwa binti yangu, na mke wangu alimwagiza vitu vitatu: dawa za presha, kanga za stoo, na mbuzi ya kukunia nazi. Dawa, sawa. Kanga, sawa. Lakini mtu hachukui mbuzi kwa matembezi. Ile mke wangu aliibeba kutoka kwao imeviringishwa kwenye nguo. Mtaa mzima tunafungua tui la kopo, yeye kila Ijumaa anaikalia jikoni, anakuna, anaimba vibaya.

Nilitaka kusema mwambie arudi. Badala yake nikaanza kuongea. Nikalifungua daftari mezani, nikamweleza jirani K ni nini na E ni nini, kwamba hesabu yote niliiandika visivyo, kwamba mke wangu sasa ni safi, hana kosa hata moja, na amfikishie habari hiyo njema. Aliyaviringisha meno ya mbuzi kwa gazeti huku akinisikiliza. Akaitia begini, akafunga zipu.

"Mzee," akasema, "wachana na hiyo mambo ya herufi. Mama hakukosa kitu. Ni wewe umemkosa."