Chati ya Mkwe Imeacha Upande Wetu Mtupu

Binti yangu anaolewa jamani, nesi mzima mwenye digrii yake! Sasa ndiyo niwasalimu: hamjambo wapendwa wa ukurasa huu? Admin nifichie jina.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mrundi, nimepita kambi za wakimbizi za Kigoma, sasa nakaa Rooty Hill huku ughaibuni, nahudumia wazee. Shule niliishia darasa la nne, lakini watoto sita nimewasomesha, na huyu ndiye taji langu.

Mchumba wake ni mzungu wa hapahapa, kijana mzuri, asili yao Uskoti. Shida ni mama yake. Kastaafu, kutwa anatafuta mababu kwenye kompyuta. Juzi kaja kwangu, kala isombe yangu, kisamvu cha kwetu, akaongeza, halafu kakunjua chati ndefu kama kitenge. Upande wao majina mpaka juu kabisa, kwa bwana mmoja mwenye ngome. Upande wa binti yangu: yeye, mimi, na marehemu mume wangu. Juu yetu peupe. Eti ataitundika mlangoni ukumbini siku ya harusi!

Nikamwambia, "Mama, shika kalamu nikutajie. Nawajua mpaka babu wa saba, na kilima alikozikwa kila mmoja."

Kacheka kwa upole. "Sorry darling, bila hati siandiki. Huo ndio utafiti."

Hati! Zetu ziliungua na nyumba. Na hii niliyonayo inasema nilizaliwa tarehe moja Januari, kama nusu ya wenzangu wa kambini, maana karani alichoka kuuliza. Mama alinizaa watu wakivuna mtama, wala si Januari!

Nikavaa miwani, nikaipitia chati yake kwa kidole. Huko juu, karibu na mwenye ngome, mama mmoja kazikwa, halafu miaka mitatu baadaye anazaa. Nimezaa sita mimi!

"Huyu alijifungulia kaburini?"

Kawa mwekundu. "Watu wengi mtandaoni wameandika hivyohivyo."

"Wamenakiliana! Hati yake iko wapi?"

Hana. Kumbe mwenye ngome, waliyemuunga kupitia huyo mama, ni wa kuokota, na atawekwa kwenye fremu; wangu wa damu wananyimwa hata wino. Nilishikwa na kinyaa, sahani aliyolia nikaiosha mara mbili.

Binti kalia. "Mum, please, leave it. Ni karatasi tu." Sitaki aingie kwa mkwe na ugomvi. Lakini wajukuu wangu wakiiona chati hiyo, waseme bibi yao kaota kama uyoga?

Basi nipeni akili, ndugu zangu. Nishike maiki niwataje saba wangu na yule wa kaburini nimwanike, au nitaje wangu tu, wake nimmezee? Jibuni upesi. Na vyovyote mtakavyosema, mje wote, sitamdai mtu hati mlangoni. Jina limefichwa, vigelegele vyangu mtavijua. Ukumbi uko karibu na stesheni ya Toongabbie, saa nane mchana, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.