Msokoto Mmoja, Fomu Mbili

Siku ya kwanza ya kazi yangu jeshini nilikaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira, fomu gotini, nimekwama kwenye swali la kumi na moja: Je, umewahi kushtakiwa mahakamani? Kushoto kwangu alikaa Lubega, rafiki yangu tangu darasa la kwanza pale Bukoto, mtaa wa Kampala. Miezi minane kabla ya hapo polisi walitukuta nyuma ya soko na msokoto mmoja wa bangi, tukiuvuta kwa zamu. Hakimu alitukemea, akatupa adhabu ya kufagia soko lile lile mwezi mzima. Tulifagia, tukamaliza, tukaapa kuacha, na kweli tukaacha.

Niliandika "ndiyo". Lubega alichungulia fomu yangu, akacheka, akaandika "hapana" kwenye yake. Ninyi vijana mnaopanga foleni za usajili leo, mjue hili: nilimwona akiandika, na sikumwambia kitu.

Kapteni wa usajili, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na Kiswahili cha kambini, aliniita mezani.

"Wewe naandika ndiyo. Kesi gani?"

"Bangi, afande. Msokoto mmoja, wa watu wawili."

Nilijuta papo hapo. Aliweka kalamu chini. "Mwenzako nani?"

"Afande, fomu hii ni yangu peke yangu."

Aliiokota kalamu. "Leta karatasi ya hukumu, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba adhabu nakwisha. Kesho saa mbili."

Nilizileta, nikapokelewa, lakini juu ya faili langu aliandika kwa wino mwekundu: Aangaliwe. Kuruti, yaani askari aliye bado mafunzoni, hana pa kujificha. Kila moshi uliponukia bwenini, mifuko yangu ndiyo iliyopekuliwa kwanza.

Kiswahili chenyewe tulijifunzia pale. Sisi wa Bukoto tulikuja na Luganda na Kiingereza cha shule. Kiswahili tulikipata kwenye kwata, mazoezi ya kutembea kijeshi, pamoja na matusi ya Sajenti Meja wa mafunzo. "Nyinyi natembea kama bata ya sokoni!" alifoka. "Angalia Lubega! Kisigino yake nasikika mpaka Ntinda!" Alisema kweli. Lubega alipogeuka, safu nzima iligeuka naye. Kwa paredi ya kuhitimu aliteuliwa kiongozi wa kulia, yule askari wa mwisho wa safu ambaye wengine wote hujipanga kwa kumtazama.

Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilipelekwa ofisi ya oda, chumba ambamo barua zote za kikosi hufunguliwa, huandikishwa daftarini, kisha hupelekwa kwa wakubwa. Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya paredi, yakafika majibu ya alama za vidole kutoka polisi. Tulichukuliwa alama hizo wiki ya kwanza, nasi tulikuwa tumezisahau. Karatasi ya tatu ilikuwa ya Lubega, na kesi ya bangi imeandikwa humo.

Nilimkuta bombani akifua shati. Nikamwonyesha.

"Munnange, rafiki yangu, nenda mwenyewe kwa ajutanti," nilimwambia. Ajutanti ni ofisa anayeshughulikia karatasi na nidhamu kwa niaba ya mkuu wa kikosi. "Mwambie kabla yangu. Nitangoja mpaka saa nane."

"Karatasi hupotea, Kizza."

"Hii ikipotea tutaondoka wote wawili."

"Kumbe unajiogopea mwenyewe." Alilikamua shati kwa nguvu. "Mama ameshawaambia Bukoto nzima waje paredi."

Nilirudi ofisini, nikaitazama saa ya ukutani. Ilipogonga nane niliingia kwa ajutanti, nikapiga saluti, nikamsomea ile karatasi. Alikuwa luteni mpole, hakupenda kelele. Aliikunja karatasi, akasema, "Kwa bangi peke yake ningemwombea kwa mkuu. Lakini ametudanganya kwa maandishi. Mtu huyu kesho ataniandikia ripoti ya doria, nami niipeleke watu wakaiamini?"

Barua ya kumwachisha kazi niliichapa mimi. Lubega alirudisha sare stoo, akaondoka na nguo alizokuja nazo. Hakunitazama. Siku ya paredi tulijipanga kwa kumtazama mtu mwingine.

Nilitumikia jeshi miaka thelathini. Kaskazini nilikuwa karani wa kombania, nikiandika orodha za zamu chini ya turubai lililovuja. Mpakani magharibi nilikaa miaka sita, Kiswahili changu kikanyooshwa na wafanyabiashara wa Kongo waliokuja kuomba vibali. Mwisho nilirudishwa Kampala, sajenti wa usajili. Huko, kabla ya kugawa fomu, nilisimama mbele ya vijana nikawaeleza swali la mashtaka kwa Luganda na kwa Kiswahili: kosa dogo lililokwisha kuadhibiwa laweza kusikilizwa, uongo hausikilizwi. Meja wangu alinung'unika, "Sajenti, wewe nachelewesha kazi." Niliichelewesha hivyo hivyo, mpaka nilipostaafu.

Sasa naishi Kyebando. Alfajiri bado naamka nikitega sikio kusubiri tarumbeta, nasikia majogoo na bodaboda. Cheo sikitamani, wala bunduki. Natamani ule mshindo mmoja wa visigino vya watu mia, na kila ninapoukumbuka, Lubega yuko upande wa kulia.

Mwezi uliopita nilimwona Lubega huko mtaa wa Ntinda. Ni mlinzi kwenye geti la jengo la maghorofa, mvi kichwani, viatu vinameta. Alinitambua kabla sijasema neno, akaniletea kiti chake. Tulimwigiza Sajenti Meja, tukacheka hadi machozi. Kisha akaniuliza:

"Siku ile, ulingoja kweli mpaka saa nane?"

"Saa nane kamili."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuja kusema mwenyewe, Kizza. Nilikuwa nje ya mlango wa ajutanti, nafunga vifungo. Shati lilikuwa bado na maji. Nikasikia sauti yako inasoma jina langu."

Gari likapiga honi, akaenda kufungua geti. Nilibaki pale kwenye kiti chake mpaka zamu yake ilipokwisha.